Mota ya paa la Z4 imekufa, paa limebaki wazi na masika ndiyo haya. Naweza kuibadilisha mwenyewe nyumbani?

Kijana wa Mbezi (Jumanne, saa 3:40 usiku)
Wakuu habari za usiku. Naombeni msaada, mwenzenu huu ni usiku wa tatu sijalala vizuri.

Kuna BMW Z4 ya mwaka 2004, ile ya paa la turubai linalojikunja lenyewe kwa swichi. Jumamosi paa lilifunguka vizuri, kuja kufunga likagoma. Nikishika swichi nasikia "tak" moja nyuma ya siti ya abiria, halafu kimya. Zamani ilikuwa inalia kama blenda, unahesabu mpaka kumi paa limeshafunga. Sasa hivi gari liko uani, nimelifunika na nailoni nzito, kamba huku, matofali huku, na kila wingu likitanda natoka nje kuangalia.

Fundi wa kwanza kasema mota imekufa na kuifikia lazima ashushe paa zima. Siku nne, milioni mbili na laki nane, mota natafuta mimi. Hiyo hela sina. Nimeona video za watu wa Uingereza wanaitoa wenyewe bila kushusha paa. Swali langu ni hilo tu: nikiwa na spana, bisibisi na rafiki wa kunishikia, inawezekana nyumbani? Gari linatakiwa liwe sawa kabla ya tarehe 20.

Mzee wa Keko
Kijana, pole. Lakini niambie, Dar hii ya jua na vumbi, gari la kufunua paa unalifungua saa ngapi? Sisi tumeendesha Peugeot 504 mpaka Songea na kurudi, paa bati tupu, madirisha ya kuzungusha kwa mkono, na hakuna siku tuliyoangalia mawingu. Uza hilo gari chukua kitu cha kawaida.

Chapati Mbili
IST, mkuu. Paa lake halijawahi kugoma kufunga tangu litoke kiwandani.

Fundi Kaboni (Jumanne, saa 4:25 usiku)
Jibu ni ndiyo, inawezekana, nimeshazitoa mbili kwa mkono wangu. Ila twende taratibu maana hapa watu huharibu vitu vya gharama kuliko mota yenyewe.

Paa la hiyo gari linanyanyuliwa na mafuta. Mota ya umeme inazungusha pampu, pampu inasukuma mafuta kwenye mipira, mafuta yanasukuma bomba za kunyanyulia. Mota ikizunguka upande mmoja paa linafunguka, ikizunguka upande wa pili linafunga. Ile "tak" unayosikia ni rilei, kile kiswichi cha umeme cha kuwasha mota, inaitikia, maana yake amri ya swichi imefika. Sasa ama umeme haufiki kwenye mota, ama unafika na mota imekufa. Ingekuwa inalia lakini paa halinyanyuki, ningekwambia kaangalie mafuta.

Ugonjwa wa Z4 za umbo hilo unajulikana dunia nzima. Hiyo mota waliiweka kwenye shimo la pembeni kushoto, chini kabisa pale paa linapojikunjia, na jirani yake kuna tundu la kutolea maji ya mvua. Tundu likiziba kwa majani, maji yanajaa shimoni na mota inaoga. Kwa hiyo kabla ya spana yoyote naomba majibu matatu. Gari lilikuwa linalala wapi? Chini ya mti gani? Na Jumamosi hiyo lilikuwa wapi?

Kijana wa Mbezi
Ahsante sana Fundi. Linalala uani chini ya mwarobaini, kama miezi saba sasa. Leo nimeingiza mkono kwenye hilo shimo, maji yalikuwa yananifika kwenye kifundo cha mkono. Nikachokonoa tundu na waya wa hanga, likatoka tope jeusi la majani yaliyooza, harufu kama ya mtaro, pamoja na vipande vidogo vya karatasi za kung'aa, rangi ya dhahabu na fedha. Maji yakashuka yote kwa mkupuo.

Basi sasa nataka kujua tu mota inafunguliwa kwa spana namba ngapi.

Mvita Kaskazini
Pole sana ndugu yangu. Mimi niko Mombasa, na hizi gari za kufunua huku kwetu adui ni wawili, maji ya mvua na chumvi ya bahari. Tajiri niliyekuwa nikimwendeshea alikuwa na Mercedes SLK, ile ya paa la chuma. Siku moja twatoka Nyali, paa likaanza kumtonesha mafuta kichwani, kanzu nyeupe mpya, ndiyo kwanza twaenda kwenye nikahi. Bomba ya mbele ilikuwa imechoka mpira wake wa ndani. Tukafika watu wameshasoma hutuba, yeye ana doa la kahawia begani mfano wa ramani. Mpaka leo nikisikia gari la kufunua naikumbuka kanzu ile.

Dada wa Tabata
Kaka, samahani. Umeandika "kuna BMW Z4", hujaandika "nina". Umeandika "linatakiwa liwe sawa", hukuandika "nataka". Na gari lililokaa chini ya mwarobaini miezi saba, karatasi za kung'aa zimeingilia wapi? Mwarobaini hauna jani la dhahabu. Fundi kakuuliza Jumamosi lilikuwa wapi, hilo umeliruka. Ni gari la nani?

Kijana wa Mbezi
Dada, mimi nimeuliza habari za mota.

Dada wa Tabata
Najua. Na mimi nimeuliza habari za gari.

Fundi Kaboni
Mkuu, mimi pia nahitaji kujua, tena kwa sababu ya ufundi. Kuna mambo nitakayokwambia ambayo mtu huyafanya kwenye gari lake tu. Kuhamisha mota, kutoboa, kurefusha waya. Gari la mtu hutoboi bila ruhusa.

Kijana wa Mbezi (Jumatano, saa 12:05 asubuhi)
Sawa wakuu. Gari ni la shemeji yangu, mume wa dada. Yuko Muscat kikazi mwaka wa tatu. Alilileta kutoka Japani akaliacha kwetu kwa sababu kwao hakuna geti. Akaniambia niwe naliwasha kila wiki na kulitembeza kidogo ili betri isife. Tarehe 20 anakuja likizo.

Jumamosi lilikuwa kwenye harusi. Nililikodisha, laki tatu na nusu, kumbeba bibi harusi kutoka kanisani mpaka ukumbini. Maharusi walipotoka kanisani wakarushiwa hizo karatasi, paa likiwa wazi. Manyunyu yakaanza tukiwa njiani, nikabonyeza swichi, ndiyo hiyo "tak". Bibi harusi aliingia ukumbini shela limemganda mgongoni. Sijawahi kuona aibu kama ile.

Ila kabla hamjanisema, yeye mwenyewe alisema litembezwe. Na ile hela sikuinywea. Mama ana dawa za presha kila mwezi, na shemeji huyo huyo anajua. Kwa hiyo sioni kama nimeiba. Ninachotaka ni kulirudisha lilivyokuwa, basi.

Mama Wawili
Mdogo wangu, mwenzio kakupa amana. Kulitembeza ili betri isife ni kutoka hapo mpaka Africana na kurudi, siyo kubeba bibi harusi kwa malipo. Na usimtaje mama hapa, mama yako akisikia kwamba dawa yake ndiyo sababu, dawa itamtoka puani. Mpigie shemeji yako leo. Mimi kaka yangu aliniuzia cherehani niliyoachiwa na marehemu bibi, akanificha miaka miwili. Kilichoniuma siyo cherehani. Ni miaka miwili ya kunisalimia "shikamoo dada" kila asubuhi huku anajua.

Kijana wa Mbezi
Shikamoo mama. Nimekuelewa, lakini shemeji ni mtu wa hasira, na atakayebeba hizo hasira ni dada yangu, siyo mimi. Ndiyo maana nataka akute limepona. Halafu nimeshaanza kazi, siwezi kurudi nyuma. Jana nimenunua mota ya mtumba Ilala laki nne na nusu. Na nimeshakata kile kitambaa cheusi cha ndani kwa wembe, kama sentimita 15, ili mkono upite.

Fundi Kaboni
Ungesubiri. Kile kitambaa hakikatwi, kinachomolewa pembeni, kina vibanio vya plastiki. Sasa kitashonwa kwa mkono na mtu wa siti, tafuta mwenye sindano iliyopinda. Acha wembe.

Hiyo mota ya Ilala, kabla hujafanya lolote, iweke pembeni ya shimo uangalie mipira inapoingilia. Ncha zinafanana? Umeijaribu kwa betri?

Kijana wa Mbezi
Kwa betri inazunguka vizuri tu, muuzaji alinionyesha. Ncha hazifanani. Muuzaji alisema BMW zote ni moja.

Chapati Mbili
Na watu wote wa Mbezi ni ndugu. Pole mkuu, hiyo laki nne na nusu imeniuma hata mimi.

Nyangumi wa Pwani (Jumatano, saa 8:30 mchana)
Samahani wadau, mimi nimekaa pembeni nasoma tangu jana na nasema wazi: hii ni chai. Angalieni. Z4 ni gari la Mjerumani, usukani kushoto. Jamaa kasema mota inalia nyuma ya siti ya abiria, maana yake kulia. Fundi kasema mota iko kushoto. Sasa ipo wapi? Halafu shemeji Muscat, bibi harusi kalowa, mama mgonjwa, mota ya Ilala, yote kwenye uzi mmoja! Picha hakuna hata moja. Mwaka jana kuna mtu alileta hadithi ya shemeji na pikipiki, ikaishia anaomba namba ya kutumiwa hela. Huyu naye mpeni siku mbili.

Kamanda wa Tegeta
Hata mimi nilishtuka pale kwenye karatasi za dhahabu. Imekaa kama filamu.

Mvita Kaskazini
Basi na kanzu yangu pia mtasema ni chai.

Mzee wa Keko
Kama ni uongo basi kijana ana kipaji. Ila mtu mwongo hasemi alikata kitambaa kwa wembe. Mwongo hujipamba.

Fundi Kaboni
Nyangumi, kwenye usukani umepotea. Gari limeletwa kutoka Japani, na Japani wanapita kushoto kama sisi, usukani uko kulia. Abiria anakaa kushoto, mota iko kushoto nyuma yake. Mtu asiye na gari hilo hawezi kupatia bila kuambiwa, na yeye alisema kabla sijasema. Tena hata Ujerumani halikuundwa. Z4 za umbo hilo, za 2002 mpaka 2008, zilitoka kiwanda cha Spartanburg, South Carolina, Marekani.

Mimi sijali kama kuna harusi au hakuna. Mota iliyozama inajulikana ukiifungua. Kijana, zima gari kabisa, toa ufunguo, usiguse kitu nusu saa presha ya mafuta ishuke. Halafu wewe na mwenzio nyanyueni paa kwa mkono, kila mmoja upande wake, kwa pamoja, taratibu. Likigoma msilazimishe. Likifika nusu liwekee gogo la mbao kila upande. Nasema gogo, siyo mtu. Yale mapaa yana vyuma vinavyokutana kama mkasi, na nimeona kidole cha kijana mwenzangu kikibaki mle. Likishasimama, fungua zile bolti za mota, zina raba chini yake, uivute juu na mipira yake ikiwa imeshika. Mipira usiifungue. Mota ya umeme inaachana na pampu, kwa hiyo unaitoa kichwa chake tu bila kumwaga mafuta. Ifungue, utuambie kwa maneno unachokiona ndani. Picha hata mtu mwingine anaweza kukupa.

Kijana wa Mbezi (Alhamisi, saa 1:15 usiku)
Nilitaka kumjibu Nyangumi vibaya, nikaacha. Sijaomba hela ya mtu na sitaomba.

Paa limenyanyuka. Mikono inatetemeka mpaka sasa, ni zito kuliko nilivyodhani. Tumeweka vipande viwili vya mirunda. Bolti ya tatu ilichukua saa nzima, spana ilikuwa inazunguka robo tu halafu inagonga bodi. Mota nimeishika. Kwanza ilimwaga maji, kama kikombe cha kahawa, ya rangi ya chai ya rangi. Ndani kuna unga mwekundu wa kutu umeganda pembeni kote. Kaboni zipo mbili. Moja inacheza na springi yake. Ya pili imekwama ndani ya kinyumba chake, haigusi kabisa pale kwenye shaba, nikiisukuma na bisibisi haitoki. Shaba yenyewe imekuwa nyeusi, ina mstari wa kijani upande mmoja. Waya wa kusuka hauna harufu ya kuungua. Nimeinusa mara tatu.

Fundi Kaboni
Haijaungua! Umesikia? Kaboni imekwama kwa kutu, umeme haupiti, mota haizunguki. Ile laki nne na nusu ungekula nyama.

Fanya hivi. Hiyo kaboni iloweshe mafuta ya kulegeza kutu mpaka kesho, itoe bila kuivunja. Kinyumba chake kisugue kwa tupa ndogo. Shaba ipige msasa laini sana, ule wa karatasi ya maji, unazungusha mota kwa mkono huku umeushika, mpaka irudi rangi ya chungwa. Mifereji iliyo katikati ya vipande vya shaba itoe uchafu kwa ncha ya sindano, usiache unga humo. Kaboni zenyewe kama zimeisha, nenda Gerezani kwa wasuka mota, chukua za ukubwa unaozidi kidogo uzisugue zikae. Kausha kila kitu kwa jua, siyo kwa jiko. Beringi zitie grisi kidogo.

Kisha ijaribu nje kwa betri ya pembeni, waya mnene na fyuzi njiani, gusa kidogo uachie. Halafu geuza nyaya, ione inazunguka upande wa pili. Ikikubali pande zote mbili ndipo uirudishe kwenye pampu.

Kijana wa Mbezi (Jumamosi, saa 9:50 alasiri)
Wakuu. Imezunguka. Kaboni mpya elfu kumi na tano. Nilipogusa nyaya iliruka mkononi, nikajikuta nimepiga kelele mpaka mama akatoka ndani. Nimeirudisha kwenye pampu, nikaondoa mirunda, nikashika swichi. Ikalia. Paa likanyanyuka lenyewe, likafika mbele, likafunga. Nimelifungua na kulifunga mara nne. Nyangumi, kaboni ya zamani ninayo hapa mezani, ukipita Mbezi njoo uishike.

Sasa najiandaa kuirudisha shimoni kama ilivyokuwa, ili shemeji asione tofauti.

Nyangumi wa Pwani
Nimeamini pale kwenye mstari wa kijani wa shaba. Mimi nilishafungua mota ya pampu ya kisima iliyozama, ndivyo zinavyokuwa. Samahani sana mkuu. Hongera.

Fundi Kaboni
Hongera kwa dhati. Ila shimoni usiirudishe! Mvua mbili tatu, majani kidogo, itazama tena, safari hii shemeji yako akiwa ndani. Wengi waliozama mara moja wanaihamishia kwenye buti, upande wa kushoto nyuma ya zulia, pakavu. Mimi kwenye zile mbili mipira ilifika bila kuungwa, waya tu nilirefusha, kwa waya mnene ule ule. Izungushie sponji isitetemeshe bodi. Lakini hapo ndipo tunaporudi kwenye lile nililosema mwanzo. Huwezi kuhamisha kitu kwenye gari la mtu kwa siri. Na kitambaa ulichokata atakiona.

Mama Wawili
Umesikia, mwanangu. Hata mota yenyewe inakutaka useme.

Kijana wa Mbezi
Jamani, limepona. Kuna haja gani tena ya kumtia mtu presha akiwa ugenini?

Dada wa Tabata
Dada yako anajua?

Kijana wa Mbezi
Anajua lilikwama. Hajui kuhusu harusi. Jana kaniuliza mbona siti ya abiria ina unyevu, nikamwambia nililiosha.

Dada wa Tabata
Basi sasa wamekuwa wawili unaowaficha, na mmoja wao analala nyumba moja na wewe.

Kijana wa Mbezi (Jumapili, saa 2:20 usiku)
Nimempigia. Nilianza na dada, nikamwambia yote, akakaa kimya, kisha akaniambia niweke simu kwa sauti nipige tukiwa wote wawili. Nikamweleza shemeji tangu harusi mpaka wembe. Kuna mahali sauti ilinikata. Hakufoka. Alinyamaza muda mrefu mpaka nikadhani mtandao umekatika, kisha akauliza, "Paa linafunga?" Nikamwambia linafunga. Nikamweleza habari ya kuihamishia buti. Akasema yuko zamu, atanipigia akitoka. Mpaka sasa hajapiga.

Ile laki tatu na nusu nimemwambia nitamrudishia yote, kidogo kidogo kuanzia mwisho wa mwezi.

Fundi Kaboni
Umefanya vizuri. Mota ikae ndani kwenye boksi kavu kwanza, paa liache limefungwa, na tundu la maji lipitishie waya tena kila wiki maana mwarobaini hausubiri. Akipiga na akikubali, niandikie inboksi. Jumamosi ijayo nina shughuli Tegeta, nitapitia hapo nije na waya mnene na sponji. Yule mshona siti umempata?

Kijana wa Mbezi
Nimempata, yuko Goba. Anakuja kesho saa nne.